Mama Yako Juu ya Maji

Wakesho mwanangu,

Nakusikia huko chumbani ukiburuta begi. Unalifunga, unalifungua, unalifunga tena. Ningekuja kukusaidia, lakini tangu asubuhi kila nikiingia humo nashika kitu, nasahau nilichotaka kukifanya, nabaki nimesimama nacho mkononi. Mwishowe umeniambia kwa upole, "Baba, nenda ukapumzike." Basi nimekaa hapa mezani jikoni. Wingu la alasiri limeshasimama juu ya Germiston, na muda si mrefu litatumwagia sisi wa Johannesburg mvua ya mawe kama kawaida yake. Nimechukua kalamu kabla halijafika.

Sitakuandikia habari za soksi, wala dawa za malaria, wala kumpigia shangazi yako simu ukitua Nairobi. Hayo tumeyasema mpaka umeanza kuyajibu kabla sijamaliza. Nataka kukuandikia habari za mama yako. Najua unazijua, lakini unazijua kama wanavyozijua wageni wanaokuja hapa: wanaiona picha ile sebuleni, nishani kifuani, kofia imekaa sawa, wanasema, "Kumbe huyu alikuwa shujaa." Umekua na shujaa ukutani. Kesho unakwenda kuvaa nguo zile zile, nami naona si haki uende na picha tu.

Nilimfahamu kwenye kwaya ya kanisa, Mombasa. Mimi nilikuwa kijana wa Taita niliyeteremka mlimani kuja kufanya kazi benki, sauti ya besi, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Yeye alifika mazoezini amechelewa, buti za jeshi miguuni, akanisukuma kidogo kwenye benchi. "Songa, kaka. Tuko wimbo gani?" Baadaye nikamuuliza anafanya kazi gani huko jeshini. Nilitarajia aseme ni karani au muuguzi. "Narusha ndege," alisema, kwa sauti ile ile ambayo mtu mwingine angesema anafundisha shule ya msingi.

Tulipotaka kuoana, wajomba zangu walimtazama, wakanitazama mimi, na mmoja akauliza, "Kwa hiyo yeye ndiye atakayekuwa anaondoka, na wewe unabaki nyumbani ukimngoja?" Watu walicheka sana. Nami nilicheka. Hakuna aliyewahi kunitabiria maisha yangu kwa usahihi kama mjomba yule.

Watu wakisikia rubani wa jeshi hufikiria ndege za kasi zinazopasua mawingu. Ya mama yako haikuwa hivyo. Ilikuwa ndege ya injini mbili, si kubwa, ya mwendo wa taratibu, na kazi yake ilikuwa doria ya baharini. Anaruka chini chini juu ya maji kwa saa nyingi, anatazama. Boti hii ni ya wavuvi. Ile imebeba mkaa. Ile haina nyavu wala samaki, na watu wake wanafunika nyuso ndege ikipita. Ile nyingine imekata injini na inapelekwa na mkondo, ina watu wanaohitaji msaada. Alirudi nyumbani macho mekundu. Hata akiwa amekaa kwenye kochi, wewe umelala kifuani pake, alikuwa bado anatazama mbali, kana kwamba ukuta wetu una upeo wa bahari.

Halafu vita vya Somalia vikaanza. Doria ikawa vita. Wewe ulikuwa mdogo, unakumbuka harufu ya nguo zake tu, umeniambia mwenyewe. Asubuhi akitoka alikuwa akiniambia, "Baba Wakesho, nimeenda." Hakusema naenda. Nimeenda, kama vile amekwisha kufika huko na kilichobaki mlangoni ni kivuli. Mimi nilikwenda benki, nikakaa nyuma ya kioo, nikawatabasamia wateja. Siku nzima mwili wangu ulikuwa ukifanya kazi moja tu ambayo hakuna aliyeiona, ya kusikiliza. Ndege yoyote iliyopita niliisikiliza mpaka ikapotea.

Sasa nikueleze habari ya nishani, maana kwenye picha haielezwi.

Boti iliyokuwa ikisafirisha wanajeshi karibu na pwani ya kule ilipigwa kutoka nchi kavu, ikazama haraka. Waliosalimika walikuwa majini, wametawanyika, wengine wameumia, na waliowapiga walikuwa bado ufukweni na silaha zao. Meli yetu ilikuwa mbali. Aliyekuwa karibu ni mama yako. Ndege yake haikuwa na kiti hata kimoja cha kumpakia mtu aliye majini, wala haikuweza kutua pale. Alichoweza kukifanya ni kuzunguka. Akazunguka. Aliwadondoshea boya kubwa la mpira, lile linalojaa upepo lenyewe. Alipita chini upande wa ufukweni ili wale wenye bunduki wainamishe vichwa. Akawa anawaelekeza wa melini kwa redio, njooni huku, zaidi, zaidi kushoto. Redioni wakamuuliza kama mafuta yanatosha. Akajibu yanatosha. Rubani wake msaidizi akamgeukia, kwa sababu hayakutosha. Alizunguka mpaka meli ikafika, ndipo akatafuta pa kutua, na injini moja ilizimika wakati ndege bado inatambaa kwenye njia ya vumbi ya kutulia.

Mmoja wa waliotolewa majini ni Afande Mutiso. Wakati ule alikuwa kijana, mkono mmoja umefungwa bandeji. Alikuja nyumbani kwetu na mbuzi wa kushukuru, na wewe ulimkumbatia yule mbuzi shingoni ukakataa asichinjwe, tukala maharage. Afande aliniambia maneno ambayo sijayasahau. "Shemeji, ukiwa ndani ya maji huoni kitu. Ni mawimbi tu. Lakini ile ndege tulikuwa tunaiona. Kila mtu alikuwa anamwambia mwenzake, bado iko. Bado iko."

Wakamvika mama yako nishani. Nilikuwepo, umekaa begani pangu unapeperusha kibendera. Watu walipiga makofi na mama yako alisimama wima kama mlingoti. Tulipofika nyumbani akaivua, akaiweka juu ya friji kati ya ndizi na dawa yako ya kikohozi, akaingia kuoga, na hakutoka. Nilipogonga mlango akanifungulia. Alikuwa ameketi chini, bado na sare yake.

"Kulikuwa na mmoja," akasema.

Nikakaa chini pamoja naye. Akaniambia kwamba mtu huyo alikuwa mbali na wenzake, hana jaketi la kuokolea, anapunga mkono mmoja. Alimwona mzunguko wa kwanza. Akamwona wa pili. Akageuza ndege ili boya jingine lidondoke karibu naye, lakini upepo ulilichukua. Alipozunguka tena, palikuwa na maji tu.

"Wanasema nimeokoa watu," akasema. "Mimi nilikuwa nazunguka tu. Na yule alikuwa ananiona, Baba Wakesho. Aliniona nikimwona."

Nikamwambia, "Lakini fikiria wale wengine wote."

Akaniwekea mkono mdomoni. "Usinihesabie."

Hilo nimelitafakari miaka mingi, mwanangu. Nilitaka kumwondolea uzito, nikampa hesabu. Mtu akikuonyesha yule mmoja, usimwonyeshe wengine. Kaa chini pale pale sakafuni. Ningejua, ningekaa kimya. Sijui kama ingemsaidia. Sidhani. Lakini angalau asingelazimika kuninyamazisha.

Baada ya hapo walimpa nafasi ya kwenda kufundisha marubani wapya, bara, mbali na vita. Hapo ndipo nilipojua kwamba upendo hauna nguvu niliyodhani unayo. Nilimwomba. Si mara moja. Nilimwomba tukiwa tunaosha vyombo, nilimwomba garini, nilimwomba kwa hasira na nikamwomba kwa machozi. Kukhu, mama yake, alimpigia simu kutoka Bungoma. Mchungaji alikuja. Mama yako alitusikiliza wote kwa adabu, akampikia mchungaji chai ya tangawizi, akamsindikiza mpaka getini. Aliporudi akaniambia, "Nimewaza kweli. Usidhani sikuwaza. Lakini nikifunga macho nasikia mtu akisema, bado iko. Sasa nikiondoka watasema nini?"

  Nimelitafutia jibu swali hilo kwa miaka yote hii nikiwa ndani ya treni ya kwenda kazini Sandton, kichwa kimeegemea kioo, na sijalipata.

Siku yenyewe haikuwa na dalili. Nimesikia watu wakisema waliamka na moyo mzito, au waliota ndoto. Mimi sikuota kitu. Mama yako alikunywa chai amesimama, akakuvua viatu vya shule kwa sababu ulikuwa umevivaa kinyume, akakuvalisha upya. "Nimeenda." Nilimjibu bila kugeuka. Nilikuwa natafuta funguo.

Wakati wa chakula cha mchana meneja akaniita ofisini. Nikakuta maafisa wawili wamesimama, kofia wamezibana kwapani. Nikauliza, "Yuko wapi?" Mkubwa wao, meja mwenye mvi kidogo, akasema, "Tunamtafuta." Nikalishika neno hilo kwa mikono miwili.

Walichokijua kilikuwa kidogo. Alikuwa juu ya bahari, ng'ambo ya mpaka, na vijana wawili, rubani msaidizi na mwangalizi. Alitoa taarifa kwamba ameona boti ndogo imekaa chini sana majini, inaonekana ina watu. Akasema, "Nashuka kutazama." Ndiyo maneno yake ya mwisho, na hayakuwa na hofu. Kisha redio ikanyamaza. Labda walipigwa kutoka kwenye boti ile. Labda ndege wa angani waliingia kwenye injini. Labda ukungu wa joto ulificha mstari kati ya bahari na mbingu, akadhani yuko juu kumbe yuko chini. Kila aliyekuja kunieleza alikuja na labda yake, na wote walimalizia vile vile: "Lakini hatujui."

Walimtafuta kweli, sitawasingizia. Meli zilikwenda, ndege zilikwenda, wenzake waliruka mpaka wakaamriwa kulala. Mimi nilisimama kwenye geti la kambi. Walinzi waliona haya wakaniletea kiti. Hapo nilijifunza maana ya mtu asiyefaa kitu. Sijui kurusha ndege. Sijui kusoma ramani ya bahari. Kuogelea kwenyewe ni kwa shida. Nikawa nawapelekea maandazi wale waliokuwa wakiruka kwenda kumtafuta mke wangu. Ndicho nilichoweza kukifanya. Waliyala kwa heshima, wamesimama, bila kunitazama usoni.

Wakapata kipande cha bawa na mto wa kiti. Kisha yule meja akaja nyumbani, safari hii peke yake.

"Ndugu Mwakio, tumefika mwisho."

"Mwisho wa nini?"

"Wa kutafuta."

Akalia yeye. Mimi nilimpa maji ya kunywa.

Yaliyofuata huko Bungoma uliyaona kwa macho yako, lakini ulikuwa mtoto, na hatukuwahi kuyazungumza. Kwao mama yako, mtu akipotea na mwili usipatikane, hukatwa shina la mgomba, likawekwa ndani ya jeneza, likazikwa nyumbani kama mtu. Kukhu alitaka hivyo. Mimi nilikataa. Nilimwambia, "Mama, hatujui bado."

Akanijibu, "Wewe ndiye hujui. Mimi nimemzaa, najua. Mwanangu hawezi kulala nje."

Alinisubiri. Angeweza kuendelea bila mimi, ukoo mzima ulikuwa upande wake, lakini hakutaka. Mwishowe akaniambia yeye ni mzee, hataki atangulie yeye na mwanawe abaki nje, na mahindi yalipovunwa akafanya. Nilikupeleka. Mimi nilisimama kwenye ua, karibu na zizi, kama mpita njia. Wewe ulishikwa mkono na Kukhu mpaka ukingoni mwa kaburi, ukatupa udongo, ukauliza kwa sauti kubwa, "Mama yumo humo?"

Kukhu akainama. "Hayumo. Lakini sasa ana pa kurudi."

Sikutupa udongo. Hakuna aliyenilazimisha, wala hakuna aliyenilaumu. Nilidhani nikitupa, nitakuwa nimewaambia walioko majini kwamba mimi nimeshaondoka.

Basi nikatafuta kazi mbali. Umewahi kuniuliza kwa nini Johannesburg, nikakuambia mambo ya mshahara na shule nzuri. Hayo ni kweli, lakini kwanza nilitazama ramani. Nilitaka mji mkubwa usio na bahari, usio na ziwa, usio na mto wa kumtisha mtu. Nikauona huu. Nikakuleta Malvern, kwenye vyumba viwili kando ya Jules Street, na hapo chini palikuwa na Mama Chantal, Mrundi aliyeuza vitenge na kusuka nywele. Alikulea kila siku mpaka nitoke Sandton, akakusuka bure, akakufundisha kula maharage na mawese.

Yeye ndiye aliyenigundua. Shuleni kulikuwa na masomo ya kuogelea, nami kila muhula niliwaambia walimu kwamba una kifua. Siku moja nimekuja kukuchukua, Mama Chantal akanizuia mlangoni.

"Papa Wakesho, huyu mtoto ana kifua gani? Mbona anakimbia Jules Street yote?"

Nikamwambia ukweli. Akaendelea kusuka kichwa cha mteja, akachana, akagawa nywele, kisha akasema, "Mimi nilivuka ziwa na watoto, mmoja mgongoni, mwingine hapa mbele. Sikujua kuogelea. Boti ikiyumba nilikuwa naomba Mungu tu, juu sikuwa na kingine. Wewe unaweza kumpa huyu mtoto kingine. Mpeleke."

Nikakupeleka. Nilikaa nje ya uzio wa bwawa, vidole vimeshika waya. Uliruka ndani bila kuniangalia. Ulipoibuka ulikuwa unacheka, maji yanakutoka puani, na mimi nilikuwa nimejikata kiganja kwenye waya bila kujua.

Na ndege je? Nilikimbia maji nikakuleta chini ya njia ya ndege. Zote zinazoteremka kwenda uwanjani zinapita juu ya mapaa yetu, na wewe ulikuwa ukikaa kwenye ukuta wa uani na watoto wa jirani, unazitaja moja moja kwa mlio kabla hazijatokea. Watoto walikuwa wakishangaa: "Eish, huyu anajuaje?" Nami nilidhani unapenda safari. Nilidhani unaota Paris.

Jumapili ile uliponiambia, tulikuwa tumetoka kanisani, unasonga ugali. Ulisema bila kugeuka, "Baba, wamenichukua." Nilijua ni wapi kabla sijauliza. Nikatoka, nikaingia kwenye gari, nikaendesha bila kujua naenda wapi. Kwenye robot ya Jules Street nilisimama taa ikiwa kijani, magari yakapiga honi nyuma yangu, na sikuweza kuinua mguu. Dereva mmoja akashuka aje kunitukana. Aliponiona akaniuliza tu, "Mzee, uko sharp?" Nikamwambia niko sharp, sijambo. Nikarudi nyumbani, ugali umepoa.

Halafu nikampigia Afande Mutiso, mbele yako, simu nimeifungua sauti. Sikutaka kukuficha. Sasa ni mkubwa, watu wanamsikiliza. Nikamwambia shida yangu. 

"Shemeji, unaniomba nimfungie mlango mtoto wa Naliaka?"

"Ndiyo."

"Siwezi. Amefaulu mwenyewe. Na hata ningekuwa naweza..." Akashindwa kumaliza. "Shemeji, mimi nina watoto wanne. Wote ni kwa sababu ya ile ndege. Nikuambie nini?"

Wewe hukufurahia ushindi. Uliinuka ukaanza kukusanya sahani. Nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mtu anayeomba msaada barabarani, "Kwa nini isiwe ndege za abiria? Utavaa vizuri. Utalala hotelini. Utaona dunia."

Ukasema, "Eish, Baba. Wale wa ndege za abiria hawaangalii chini."

Nilikwenda kulala mchana ule, mimi ambaye silali mchana.

Sasa nikuambie nini? Nimekwisha kumwomba mwanamke mmoja kwa kila neno nililokuwa nalo, na maneno hayo hayo hayakumzuia. Siwezi kuyatoa tena sandukuni na kuyakung'uta vumbi. Nitakuambia machache tu, na usiyachukue kama amri, maana sina mamlaka nayo.

Kule utakutana na yule mmoja. Sijui atakuwa wapi, majini au kitandani hospitalini au kwenye kiti cha pembeni yako, lakini utamwona na hutamfikia. Siku hiyo nipigie. Usiniambie uko salama. Niambie alikuwa amevaa nini, alipunga mkono gani. Sitakuhesabia wengine. Nitakaa kimya upande huu, na utasikia treni ikipita, utajua nipo.

Ukipata mtu wa kukungoja nyumbani, mwambie mapema kwamba kungoja nako ni kazi, inachosha mwili. Mimi hakuna aliyeniambia. Nilidhani ni udhaifu wangu. Na asubuhi ukiondoka, msubiri ageuke. Hata kama anatafuta funguo. Msubiri.

Na usiende kwa ajili yake, Wakesho. Hili ndilo ninaloliogopa zaidi ya bahari. Usiende kummalizia mzunguko wake. Mama yako hakukuachia kazi yoyote. Alikuachia viatu vimevaliwa sawa ili utembee vizuri, basi. Kama ni kwa sababu unapenda kutazama chini, nenda. Ukigundua hupendi, rudi, iwe ni baada ya wiki moja au baada ya cheo kikubwa. Katika nyumba hii hakuna atakayekuuliza kwa nini.

Nilitaka kuandika bila kukuomba, na naona nimekuomba. Nisamehe.

Mvua imefika. Mawe yanapiga bati la gereji na siwezi kusikia begi lako tena. Lakini sauti yako naisikia. Unapiga simu Bungoma kumwarifu Kukhu kwamba utapita kwake kabla ya kuripoti kambini, na inaelekea aliyepokea hakufahamu, maana unapaza sauti kushinda mvua, kwa Kiswahili chako cha Malvern, polepole, neno kwa neno:

"Ni Wakesho. Wa-ke-sho. Kutoka Afrika Kusini. Mtoto wa marehemu Naliaka."

Kisha ukacheka kwa jambo fulani uliloambiwa huko, ukaendelea kuzungumza.

Umelisema neno lile la mbele ya jina lake bila kusita, kama mtu anavyotaja mtaa anaokaa. Mimi, mwanangu, sijawahi kulisema. Wala kanisani, wala kwenye fomu za benki, wala kwa Mama Chantal. Huwa nasema mama yake hayupo, watu wanaelewa wanavyotaka. Nimekaa na kalamu hewani mpaka umekata simu. Nimejaribu kuliandika pembeni mwa karatasi nione kitatokea nini. Hakuna kilichotokea. Mvua inanyesha, na wewe kesho unaondoka.

Ni mimi baba yako,

Mwakio,
mume wa marehemu Naliaka